Mti Uliokosa Tunda la Kuupa Jina

Upo mti katika milima ya Usambara usiotoa ua, usiozaa tunda, usiodondosha mbegu, na ambao seremala akiupasua hapati hata ubao wa kigoda. Hauingii katika hesabu ya mtu anayepanga kujenga, wala ya mtu anayepanga kula. Hata hivyo, anayeuona kwa mara ya kwanza, umesimama kando ya kijito, shina lake jembamba na jeusi, majani yake yametandazwa juu kama mwavuli uliofumwa kwa sindano, huona haya kuupita bila kusimama. Mti huo nimeutunza kwa miaka 13 katika bustani yangu karibu na Lushoto, na katika muda huo wote watu wameniuliza maswali mawili tu kuuhusu. La kwanza: unafaa nini? La pili: unaitwaje? Nimekuja kutambua kwamba katika lugha yetu maswali hayo mawili yanakaribia kuwa swali moja, na makala haya ni jaribio la kuyatenganisha.

Nianze na ukoo wake. Kamusi zetu zinalo neno kangaga, wingi wake makangaga, kwa ile mimea ya kivulini yenye majani yaliyochanikachanika kama manyoya ya ndege, ambayo huota katika kuta za visima, kwenye nyufa za mawe yenye unyevu na chini ya miti mikubwa. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na huko mwambao neno hilo tulilisikia likitajwa pamoja na vinamasi na mito inayokaribia bahari. Kangaga la kawaida ni mmea wa chini, ambao mtu huuruka bila kuutazama. Huu wa milimani ni kangaga vilevile kwa ukoo, lakini umejiinua juu ya shina hadi kumpita mtu mrefu mara mbili na zaidi. Wataalamu wa mimea huuita Cyathea manniana, na wengine siku hizi huuweka katika jenasi ya Alsophila. Hilo neno manniana ni kumbukumbu ya Gustav Mann, Mjerumani aliyekusanya mimea Afrika Magharibi katika miaka ya 1860. Kwa kuwa mti huu umeenea kutoka huko magharibi hadi milima yetu ya mashariki, jina ulilopewa kule limetufikia huku. Sina ugomvi na Mann. Lakini jina la Kilatini ni jina la kabati la makumbusho, huwezi kulitumia kumwambia mjukuu, "Nenda ukaumwagilie."

Wenyeji wa milima hii wana maneno yao kwa Kishambaa, nayo ni mali yao. Nimeishi kati yao tangu nilipopangiwa kufundisha huku, lakini Kishambaa changu ni cha sokoni, hakitoshi kuyaeleza maneno hayo bila kuyaharibu. Ninachokitafuta hapa ni jina la Kiswahili, ambalo mtu wa Lushoto, wa Uluguru, wa Taita na wa Kivu wangeweza kulitaja wakaelewana, maana mti huu unaota katika milima yao wote.

Kabla ya jina, umbo. Shina la mti huu halinenepi kwa kuongeza ubao mwaka baada ya mwaka kama la mvule. Ndani yake mna mishipa ya kupitishia maji, na nje limevikwa mizizi midogo, migumu na myeusi, inayoteremka kutoka juu na kusukana kama kamba za usumba. Kadiri mti unavyozeeka ndivyo mizizi hiyo inavyoongezeka, hasa sehemu ya chini, hata tako la mti likawa nene kuliko kiuno chake. Ukilishika shina, kwa hakika umeshika mizizi. Juu kabisa pana kilele, na katikati ya kilele pana moyo ambamo kila jani jipya huzaliwa. Mpera ukiukata huchipua ubavuni. Mgomba ukianguka watoto wake wameshasimama. Mti wangu una kilele kimoja tu. Kikioza, au kikivunjwa na tawi lililoanguka, au kikikaushwa na jua la Februari, hakuna chipukizi la kushika nafasi yake.

Jani lake naliita kuti, kwa kuazima kutoka kwa mnazi, kwa sababu neno jani ni dogo mno kwa kitu chenye urefu wa mita mbili au zaidi. Kuti changa hutoka kilelani likiwa limejiviringa kama mkia wa kinyonga aliyelala, limefunikwa magamba laini ya rangi ya kahawia. Siku baada ya siku hujifungua, kwanza mhimili wake, kisha vijani vya pembeni, kila kimoja kikiwa nacho kimeviringwa kivyake. Hapa Kiswahili kinanifurahisha na kunitatiza kwa pamoja. Tuna vitenzi vingi vya kutendua: kunja na kunjua, funga na fungua, ziba na zibua. Tukisema kuti linakunjuka, tunadokeza kwamba kulikuwa na mkono ulioanza kwa kulikunja. Lakini kuti hili halikukunjwa na yeyote; limezaliwa katika mkunjo, na kukunjuka ndiko kukua kwake. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, akikauka hakunjiki. Kwa mti huu methali hiyo inapinduka: kuti likikauka kabla ya kukunjuka, halikunjuki tena. Ndiyo maana kazi yangu yote ya mwaka, ukiipunguza hadi kiini chake, ni kuhakikisha kwamba kilele hakikauki.

Kazi hiyo inafuata majira. Masika, tangu Machi hadi Mei, mti haunihitaji sana. Mvua inanyesha, ukungu unakaa bondeni hadi saa nne asubuhi, na makuti mapya hutoka mawili au matatu kwa mara moja. Wakati huo natembea nao tu kwa macho, nikitazama kama tawi la mparachichi ulio juu yake halijaanza kuinamia kilele. Kipupwe huleta baridi, na mti huganda katika hali yake. Hautoi kuti wala hauachi kuti. Vuli huuamsha kidogo. Januari na Februari ndiyo miezi ya mtihani. Jua linakuwa kali, upepo unapanda kutoka tambarare, na hewa ya mchana inakuwa kavu kiasi cha kukunja karatasi.

Kanuni ya kwanza ya maji ni kwamba huyamwagi ardhini peke yake. Kwa kuwa shina limevikwa mizizi, nalo linataka kunywa. Mjukuu wangu hupanda ngazi na kopo, nami humpokeza maji kutoka chini, naye huyateremsha polepole kuanzia chini kidogo ya kilele ili yafuate shina hadi kwenye udongo. Ndoo mbili kila baada ya siku moja, jioni, jua likishalegea. Maji yenye sabuni hayaruhusiwi. Tunatumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa, na pipa likikauka, maji ya kuoshea mchele na mboga. Katika maji ya mfereji, ambayo tunayapata kwa zamu pamoja na majirani wanaolima kabichi na karoti, sijachota hata kikombe kwa ajili ya mti huu. Nitaeleza sababu baadaye.

Kanuni ya pili ni kivuli na kinga ya upepo. Mparachichi upande wa magharibi unauzuia jua la alasiri, na ua wa michongoma upande wa bonde unavunja upepo. Kanuni ya tatu ni matandazo: majani makavu ya unene wa kiganja kuzunguka tako la mti, yaoze yenyewe, yawe blanketi na chakula kwa pamoja. Samadi natia kidogo, iliyokwisha kuwa udongo, tena mbali na shina. Kanuni ya nne ni ya mtunzaji mwenyewe. Vikonyo vya makuti vina miiba mifupi, myeusi na mikali, na yale magamba ya kahawia yakipeperuka huwasha macho na koo; kwa hiyo huvaa glavu za kazi na kujifunga mtandio puani.

Makuti makavu siyakati mapema. Yananing'inia kuzunguka shina kama sketi ya majani, na wageni huona ni uchafu. Mtu aliye katika nafasi ya hatari tunasema amekalia kuti kavu, na tunajua maana yake kwa sababu tumeona la mnazi linavyoanguka bila kutoa taarifa. Kwangu kuti kavu lina kazi: hulizuia jua lisifike kwenye mizizi ya shina, na vuli ikianza ndipo nalitoa, moja moja, lililo tayari kutoka kwa mvuto wa mkono.

Swali la watoto wake lilinichukua muda mrefu zaidi. Mti usio na mbegu huzaaje? Chini ya kuti lililokomaa, pembeni mwa mishipa ya kila kijani, hutokea vidonge vidogo vya kahawia vilivyopangwa kwa safu kama shanga. Vidonge hivyo vikipasuka hutoa vumbi, na kila chembe ya vumbi hilo ni spora. Zamani Ulaya watu waliamini kwamba kangaga lina mbegu isiyoonekana, na kwamba mwenye kuipata naye haonekani. Shakespeare alilitia jambo hilo katika mzaha wa tamthilia yake ya Henry IV. Spora ikiangukia mahali penye unyevu na kivuli huota kuwa kijani chembamba chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kisichofanana hata kidogo na mama yake. Juu ya kijani hicho, ndani ya tone la maji, mbegu ya kiume huogelea kuitafuta ya kike. Bila tone hilo hakuna ndoa. Ndoa ikifungwa, ndipo linapochomoza kangaga halisi, lenye kuti moja la urefu wa kiberiti.

Kwenye ukuta wa mawe wa mfereji, upande usioonwa na jua, nilikuta vijani vya namna hiyo vimejipanga kama muhuri. Miaka miwili baadaye yalikuwepo makangaga manne ya urefu wa shubiri. Ukuta ulipohitaji kutengenezwa, niliyabandua pamoja na udongo wake na kuyahamishia kando ya kijito, chini ya mama yao. Mawili yameishi. Sasa ni mwaka wa nane, na bado hayana shina la kushika kwa mkono. Ni makuti yanayotoka ardhini kama chemchemi. Sikuchukua hata mmoja kutoka msitu wa hifadhi, na ningependa msomaji anayetamani kupanda mti huu anielewe vizuri: msituni uache. Pale una kijito chake, ukungu wake na ukuta wake wa kuzalia.

Sasa nieleze lile la maji na lile la jina, maana yalikuja siku moja.

Jirani yangu wa upande wa juu analima mboga, na kila Januari anahesabu ndoo. Ni mtu mwema, tunazikana na kusaidiana, na kwa miaka kadhaa alinitazama nikiunyeshea mti usiozaa bila kusema neno. Mwaka mmoja wa ukame mkali akashindwa kuvumilia. "Shikamoo, Mwalimu," akaanza. "Marahaba, mama." "Mwalimu, si walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Huyu wako miaka yote hii hajashika jembe." Nilicheka, kwa sababu aliipiga methali palepale inapouma. Nikamwonyesha pipa na maji ya mchele, akaridhika kwamba siibi zamu ya mtu. Lakini swali lake halikuondoka naye.

Alikuwa bado hajaondoka alipofika kijana mmoja mwenye pikipiki, mfanyabiashara wa maua. Alikuwa ameuona mti kutoka barabarani. Mashina ya makangaga ya namna hii hukatwa vipande na kutumiwa kuoteshea maua ya okidi, kwa kuwa nyuzi zake hushika maji bila kuoza upesi. Biashara hiyo imewamaliza jamaa za mti huu katika nchi nyingi, hata miti ya jenasi ya Cyathea ikaingizwa katika mkataba wa kimataifa wa CITES, uliotiwa saini mwaka 1973, ili isivushwe mipaka bila kibali. Kijana hakuwa na habari za mipaka. Alikuwa na wateja wake mjini. Alinipa heshima zote, akataja shilingi 80,000, taslimu, na kazi ya kukata ataifanya mwenyewe.

Sitajifanya kwamba fedha hizo zilikuwa ndogo. Pensheni inajulikana ilivyo. Bati mbili za paa la jiko zilikuwa zimeoza, na masika ilikuwa mlangoni. Jirani yangu alinitazama kwa macho yaliyosema: jembe hilo, Mwalimu, hatimaye limeshikwa.

Nikasema, "Hauuzwi."

Kijana akauliza kwa adabu, "Nini hakiuzwi, mama?"

Hapo ndipo mimi, niliyewafundisha watoto wa watu ngeli za nomino kwa zaidi ya miaka 30, nilipotafuta neno na kulikosa. Kama ungekuwa mwembe, ningesema mwembe wangu hauuzwi, na sentensi ingesimama kwa miguu yake. Nikasema, "Huu. Mti huu." Akajibu, bila ubaya wowote, "Lakini mama, huu si mti. Ni majani tu." Na kwa kuwa hakuwa na jina la kulipinga, wala mimi sikuwa na jina la kulitetea, tulibaki tukiutazama wote watatu, kila mmoja akiona kitu chake.

Haukuuzwa. Jiko lilivuja masika ile yote, na sufuria tatu zilikaa sakafuni kupokea matone. Lakini swali la kijana nililichukulia kama la mwanafunzi aliyeketi mbele, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilijibu.

Tazama jinsi Kiswahili kinavyoita miti. Embe huzaa mwembe, chungwa huzaa mchungwa, nazi huzaa mnazi, papai huzaa mpapai. Kwa maumbile mti hutangulia tunda. Kwa sarufi yetu tunda hutangulia mti. Tunachukua kile tunachokula, tunakibandika kiambishi cha m-, na mti unapata uraia. Isiyo na tunda la kuliwa imepata majina kwa njia nyingine, lakini mara nyingi faida haiko mbali: mvule na mninga majina yake yanapotajwa, mtu huona mlango na kitanda, mwarobaini umebeba katika jina lake hesabu ya maradhi unayosadikiwa kuyatibu. Hata mkaratusi, uliotoka Australia, ulikaribishwa kwa nguzo na kuni zake ukapewa m- yake mara moja. Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha mimea huko Amani mwaka 1902, waliijaza miti ya mabara mengine ili wajue upi utatoa mpira, upi kwinini, upi mbao. Sisi na wao, kwa hilo, tulikuwa wanafunzi wa darasa moja: mti ulisimamishwa mbele na kuulizwa umeleta nini.

Kangaga la milimani halikuleta kitu. Halina tunda, kwa hiyo halina neno la kubandikwa m-. Ndiyo maana nasema swali la jina na swali la faida yamefungamana, na ndiyo maana kulitatua la kwanza ni kazi ya watu wa lugha, si ya wakulima.

Wenzetu wa mbali wamelitatua. Wamaori wa Nyuzilandi, ambako makangaga ya miti ni mengi, wana majina tofauti kwa aina tofauti: ponga ni moja, mamaku ni nyingine. Lile kuti changa lililojiviringa wanaliita koru, na umbo lake wamelichonga katika mbao, wakalichora katika miili yao, likawa alama ya kuanza upya. Sidai kwamba jina ndilo lililoilinda misitu yao. Nadai tu kwamba mtu wa kule akisema "ponga yangu haiuzwi", hakuna atakayemwuliza nini.

Kuna mapendekezo mawili ambayo nimeyajadili na walimu wenzangu wastaafu. La kwanza ni kangagamti, kwa mfano wa batamzinga na mbwamwitu: jina la ukoo linatangulia, sifa inafuata. Ni jina la kweli, lakini lina uzito wa maabara, na wingi wake unazua ubishi: ni makangagamti au makangagamiti? La pili ni mkangaga, wingi mikangaga. Waliolipinga walinikumbusha kwamba mwambao neno hilo linasikika kwa mimea ya vinamasini, na kwamba kulipeleka milimani ni kuleta mkanganyiko. Pingamizi hilo nalipa uzito, hasa mimi mtu wa Pangani. Lakini lugha yetu haijawahi kuogopa neno lenye makazi mawili. Kaa ni mnyama wa pwani, tena ni kipande cha mkaa. Paa ni mnyama, na ni sehemu ya juu ya nyumba. Wala hakuna aliyewahi kuezeka nyumba kwa mnyama. Mazingira ya sentensi hutenganisha.

Mimi nimechagua mkangaga, na sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Katika ngeli ya m-/mi- mti huu unakaa pamoja na mnazi na mgomba, ambayo nayo haina ubao, wala hakuna aliyeinyima heshima ya kuitwa miti. Unasema mkangaga umekua, mkangaga umetoa kuti, mkangaga hauuzwi, na kiambishi u- kinatembea nao katika sentensi nzima. Ya pili nawaelekezea washairi. Mkangaga una mizani nne, m-ka-nga-ga, ambazo zinakaa kwa raha ndani ya kipande cha mizani nane na kuacha nafasi ya kitenzi kizuri. Kina chake ni ga, kina kisicho na uhaba: aga, mwaga, piga, mboga, woga. Ushairi wetu una minazi tele, una mikoko, una miwaridi na miasumini. Sioni sababu ya milima kukosa mti wake ndani ya bahari za ushairi.

Wapo watakaoniambia nijibu pia lile swali la kwanza, na ningeweza. Ningeweza kusema kwamba mizizi yake inashika kingo za kijito, kwamba shina lake linabeba kuvumwani na makangaga madogo, kwamba vyura wadogo hujificha katika matandazo yake. Ningeweza kusema kwamba makaa ya mawe yaliyoendesha viwanda vya Ulaya yametokana na misitu ya miaka milioni 300 hivi iliyopita, ambamo makangaga ya miti yalikuwa miongoni mwa mimea mikubwa, kwa hiyo ukoo huu ulishika jembe kabla ya sisi kuzaliwa. Yote hayo ni kweli. Lakini nikijibu hivyo nitakuwa nimekubali kwamba mti lazima ulete kitu ndipo uitwe, na siku ambayo faida hizo zitapatikana kwa bei nafuu mahali pengine, utetezi wangu utaanguka kama kuti la mnazi. Mwanangu sikumpa jina baada ya kumwona anafaa nini. Nilimpa siku ya saba, hajui hata kushika kijiko, na jina hilo ndilo lililomfanya awe mtu wa kuitwa, kuulizwa na kutafutwa akikosekana.

Nina furaha kusema kwamba neno limeanza kutembea lenyewe. Mjukuu wangu halijui kwa jina lingine. Jirani yangu, ambaye bado haoni kwa nini nisipande parachichi la pili pale, juzi alimzuia mtoto aliyekuwa akirusha mawe upande wa kijito kwa kumwambia, "We, utauvunja mkangaga wa Mwalimu!" Hakulitamka kwa kunifurahisha, maana hakujua kwamba nasikia. Alikuwa na kitu cha kulinda, na neno la kukilindia lilikuwa tayari mdomoni.

Wenzangu mnaoishi Uluguru, Kilimanjaro, Rungwe, Taita au Kivu, waulizeni wazee wenu wanauitaje katika lugha zao, na mlihifadhi neno hilo kwa tahajia sahihi. Likipatikana linaloweza kuvaa ngeli za Kiswahili kwa raha kuliko langu, nitaliacha langu bila kinyongo. Hadi hapo, huku kwetu vuli imekatika mapema mwaka huu, pipa limebaki nusu, na kilelani pana makuti matatu ambayo bado yamejiviringa.